Uvimbe wa Maji Ukutani mwa Umio: Mara Iutambue Vipi, Iutibu Vipi?

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, anayeanza kukwamwa na ugali kifuani hufikiria saratani kabla ya jambo lingine lolote, na hofu hiyo ina msingi. Saratani ya umio imejikita katika ukanda mrefu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi. Ng'ambo ya mpaka wa Mara, huko Bomet nchini Kenya, Hospitali ya Tenwek imewawekea mamia ya wagonjwa mirija ya chuma inayojitanua ili waweze tena kumeza. Aliyemwona ndugu yake akikonda kwa ugonjwa huo hahitaji kuelezwa ukali wake.

Lakini si kila kinachobana umio ni saratani. Wapo watu wanaozaliwa na kifuko chenye maji au ute kilichojijenga ndani ya ukuta wa umio wakiwa bado tumboni mwa mama. Karibu kila mara si saratani, na kikitolewa chote, mgonjwa huwa amepona. Makadirio yanayotajwa sana katika vitabu vya tiba, yaliyotokana na uchunguzi wa maiti, ni mtu 1 kati ya 8,200. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 mkoani Mara. Kwa makadirio hayo, watu wapatao 280 mkoani humo wanaishi na kifuko cha aina hii, wengi wao bila kuumwa wala kujua.

Hapo ndipo swali linapozuka. Mkoa unaopambana na malaria, kifua kikuu, kichocho na vifo vya uzazi una sababu gani ya kuhangaikia ugonjwa wa watu wachache hivyo? Msimamo wa makala hii ni kwamba sababu ipo, tena ni nzito. Njia inayomfikisha mwenye kifuko kwenye tiba ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha mwenye saratani, mwenye kovu la umio na mwenye mishipa ya umio iliyovimba. Zaidi ya hayo, daktari akikosea kukitambua, chombo kilichokusudiwa kuponya kinaweza kumwaga damu au kupeleka vijidudu kifuani. Kwa hiyo jambo la kutafakari ni mpangilio wa hatua: kipi kifanywe kwanza, wapi, na nani, na ni wapi mkono uzuiwe.

Kifuko kinatoka wapi

Umio wa mtu mzima ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita zipatazo 25, linaloshuka nyuma ya koo la hewa, likapita kando ya mshipa mkuu wa damu na nyuma ya moyo, kisha likapenya kiwambo na kuingia tumboni. Katika wiki ya nne ya mimba, umio na njia ya hewa ni bomba moja lililoanza kugawanyika. Baadaye seli za ndani ya umio huongezeka hadi karibu kuziba tundu lake, halafu vijitundu vidogo hujitokeza na kuungana mpaka njia ifunguke tena. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kijitundu kimoja kikikosa kuungana na wenzake, hubaki peke yake ndani ya ukuta, kikiendelea kutoa ute usio na pa kutokea. Miaka inapopita, ute hujaa na kifuko hukua.

Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, William Ladd wa Boston, Marekani, alipendekeza mwaka 1937 kuyaweka maumbile ya namna hii, kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, katika kundi moja la marudufu ya njia ya chakula. Mengi huonekana kwenye utumbo mwembamba, na umio hufuata. Mtaalamu wa patholojia hulitambua rudufu la umio kwa mambo matatu: limeshikamana na ukuta wa umio, limefunikwa na misuli ya umio, na ndani yake mna utando wa umio au wa njia ya chakula ya kijusi. Akikuta gegedu, anajua kwamba kifuko kimetokana na njia ya hewa. Kama kina uhusiano na pingili za uti wa mgongo zenye kasoro, hilo ni kundi la tatu, linalohitaji pia jicho la daktari wa mishipa ya fahamu.

Zaidi ya nusu ya marudufu ya umio hukaa katika theluthi yake ya chini. Baadhi huwa na utando wa tumbo unaotoa asidi, na asidi hiyo yaweza kuchimba kidonda ndani ya kifuko, kikavuja damu au kutoboka. Ndiyo maana ugonjwa usio saratani bado unastahili heshima.

Dalili zinazopotosha

Kwa mtoto mchanga, kifuko kilicho juu hubana njia ya hewa kuliko chakula. Mtoto hupumua kwa sauti, hukohoa, hupaliwa anaponyonya, na hurudi kliniki mara kwa mara akiwa na nimonia ileile. Katika jamii zetu hapo huingia ushauri wa nyumbani: "Mama fulani, huyo ana kimio, mpelekeni akakatwe." Kukata kimio hakugusi kabisa kinachobana kifuani. Badala yake mtoto hubaki na kidonda kooni, hatari ya kutoka damu na kupata maambukizi, na wiki nyingine kadhaa za kuchelewa. Mtoto anayerudia nimonia upande uleule, au anayekoroma akiwa macho, anahitaji eksirei ya kifua na daktari atakayeuliza kwa nini ugonjwa haumwachi.

Mtu mzima huja kwa mlango mwingine. Kwanza nyama na ugali mgumu hukwama, naye hujizoesha kunywa maji kila tonge. Kisha huhamia kwenye uji na mchuzi. Wengine hupata maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, kikohozi au kiungulia. Dalili hizi zinafanana na za vidonda vya tumbo, kwa hiyo mgonjwa hununua dawa za kupunguza asidi duka baada ya duka. Zinafanana pia na za kifua kikuu, hasa eksirei inapoonyesha kivuli katikati ya kifua. Kifua kikuu ni cha kufikiria kwanza, lakini dawa za miezi sita zisianzwe kwa kivuli tu bila kuuliza kama mgonjwa anameza vizuri.

Swali hilo, "unameza vizuri?", halihitaji mashine. Muuguzi wa zahanati anaweza kuliuliza, na likifuatwa na mengine matatu linapanga rufaa: chakula kilianza kukwama lini, ni kigumu tu au hata maji, na uzito umepungua kiasi gani. Anayekwamwa kwa zaidi ya wiki chache, awe na umri wowote, asipewe kopo lingine la dawa ya tumbo kabla umio wake haujaangaliwa.

Kamera huona utando tu

Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliwaonyesha wenzake mpira unaopinda wenye nyuzi za kioo, ambao uliweza kuangaza na kuonyesha ndani ya tumbo. Endoskopi ya leo, ambayo wagonjwa wengi huiita kumeza mpira au kipimo cha kamera, imetokana na kazi hiyo. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa zisizopungua sita, hupuliziwa ganzi kooni, mara nyingi hupewa dawa ya kumtuliza, na uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache.

Mkazi wa Mara anayehitaji uchunguzi wa kibingwa wa aina hii huelekezwa mara nyingi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, umbali wa kilomita zipatazo 220 kutoka Musoma kwa barabara inayopita Bunda, Lamadi na Magu. Kile ambacho madaktari wa Bugando wamekiona kwa kamera kinatufundisha jambo la msingi kuhusu kanda yetu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012 uliwaangalia wagonjwa 240 waliotoka damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula. Zaidi ya nusu walikuwa na mishipa ya umio iliyovimba. Kandokando ya ziwa, sababu kubwa ya mishipa hiyo ni kichocho, kinacholeta makovu kwenye ini na kuilazimisha damu kutafuta njia ya juu.

Tuunganishe habari hiyo na kifuko chetu. Kwenye kioo cha endoskopi, kifuko huonekana kama kinundu laini kinachosukuma utando kuelekea ndani, utando wenyewe ukiwa mzima, wakati mwingine ukiwa na rangi ya samawati. Mshipa uliovimba nao waweza kuonekana hivyo hivyo. Daktari akichukua koleo akang'ata kipande kutoka kwenye mshipa, damu itakayotoka yaweza kumuua mgonjwa mezani. Kwa hiyo, kwa wagonjwa wa Mwigobero, Majita au Kibara, waliooga na kuvua ziwani tangu utotoni, kanuni ya kutong'ata kinundu chenye utando mzima ina uzito kuliko inavyoonekana katika kitabu kilichoandikwa Ulaya.

Kanuni hiyo ina sababu ya pili. Hata kinundu kikiwa kifuko kweli, kipande cha juu huleta utando wa kawaida tu, kwani ugonjwa uko chini yake. Majibu hayasaidii, na kovu linalobaki huunganisha utando na kifuko, hivyo anayekuja kukitoa baadaye huutoboa umio kwa urahisi. Saratani ya umio, kinyume chake, kwa kawaida huharibu utando: huwa na kidonda, hukwaruzika, hutoka damu ikiguswa. Hiyo ndiyo ya kuchukuliwa vipande, vingi na mapema.

Bila kifaa cha ziada, daktari bado ana la kufanya. Anaweza kukibonyeza kinundu kwa koleo lililofungwa: chenye maji hubonyea na kurudi, ilhali uvimbe wa misuli hubaki mgumu. Anaweza kukitazama kama kinadunda pamoja na moyo. Chumba cha juu kushoto cha moyo, kikitanuka kwa sababu ya homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali, husukuma umio kutoka nyuma, na mshipa mkuu uliovimba hufanya vivyo hivyo. Anaweza pia kupima kwa sentimita kutoka kwenye meno hadi kinundu kinapoanza na kinapoishia, akaandika na kupiga picha. Taarifa yenye vipimo na picha humwezesha daktari wa hospitali inayofuata kuendelea bila kuanza upya.

Vipimo vinavyokamilisha jibu

Kinachojibu swali kwa uhakika zaidi ni ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya umio, kwa mpira wa endoskopi wenye kipimo cha mawimbi ya sauti nchani. Hiyo huonyesha tabaka za ukuta moja moja. Kifuko huonekana cheusi kwa sababu maji hayarudishi sauti, kina kingo laini, kimekaa chini ya utando au ndani ya misuli, na kipimo cha mtiririko wa damu hakionyeshi chochote ndani yake. Mshipa huonyesha mtiririko. Uvimbe wa misuli huonekana umejaa. Utata huja pale ute unapokuwa mzito: kifuko hufanana na nyama, hata kwa mtaalamu.

Kifaa hicho ni ghali na wanaojua kukitumia ni wachache, kwa hiyo mkoa usijenge mpango unaokitegemea kama hatua ya kwanza. Eksirei ya kumeza bariamu huonyesha umio ukisukumwa kwa mkunjo laini, bila kingo zilizochakaa. Mashine za CT zimesogea karibu zaidi na wananchi tangu serikali iliponunua nyingi kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa IMF wa mwaka 2021. CT huonyesha ukubwa wa kifuko, uhusiano wake na njia ya hewa na mshipa mkuu, na hali ya pingili za mgongo. Msomaji wa picha akumbuke mtego uleule: ute mzito wenye protini nyingi huweza kusomwa kama uvimbe mgumu. MRI husaidia pale CT inapotia shaka.

Vipi kuhusu sindano? Wazo la kufyonza maji kidogo yakapimwe linavutia, nalo ndilo lenye majuto zaidi. Vijidudu vya mdomoni huingia kwenye ute, ute ni chakula chao, na usaha hujikusanya katikati ya kifua. Pale sura ya kifuko isipoacha shaka, sindano haiongezi kitu. Pale panapolazimu, dawa ya viuavijasumu hutangulia. Katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania na Kenya, ambako mbwa, mifugo na watu huishi pamoja, kuna sababu nyingine ya kusita: kifuko cha maji kifuani chaweza kuwa cha minyoo ya mbwa, na kukichoma ovyo huweza kuleta mshtuko wa mzio na kusambaza vimelea.

Kutibu au kuacha

Kwa mwenye dalili hakuna mjadala mkubwa: kifuko kishughulikiwe. Kwa mtoto anayebanwa pumzi ni dharura, na mahali pake ni kwa bingwa wa upasuaji wa watoto. Mjadala uko kwa mtu mzima asiyeumwa, ambaye kifuko chake kimeonekana kwa bahati. Upande mmoja husema kitolewe, kwa kuwa chaweza kukua, kuvuja damu, kuambukizwa, na mara chache sana kugeuka saratani. Upande wa pili husema kifuko kidogo chenye sura ya wazi kifuatiliwe tu, kwa kuwa upasuaji wa kifua nao una madhara.

Hoja zote mbili ni za kweli, lakini uzito wake hubadilika kulingana na mahali. Kufuatilia maana yake ni mgonjwa kurudi. Mvuvi anayehamia visiwani kwa msimu, au mkulima ambaye nauli ya Mwanza ni mauzo ya gunia, anaweza kuambiwa "rudi baada ya mwaka" na asionekane tena mpaka alazwe akiwa na usaha kifuani. Kwa hiyo uamuzi wa kusubiri uende na mpango anaoumudu: picha ya bariamu au CT karibu na nyumbani, kadi inayoeleza ugonjwa wake kwa Kiswahili, na orodha fupi ya dalili za kumrudisha mara moja, yaani homa pamoja na maumivu ya kifua, kutapika damu na kukwamwa upya. Bila mpango huo, kumtoa kifuko mtu mwenye afya njema huenda kukawa salama kuliko kumsahau.

Njia tatu za kukitoa

Ya kwanza ni upasuaji, ambao ndio wenye uzoefu mrefu zaidi. Daktari hupita kifuani kwa mpasuo au kwa kamera kupitia matundu madogo, hutenganisha misuli, hukimenya kifuko bila kutoboa utando, huilinda mishipa ya fahamu inayopita kandoni, kisha huishona misuli tena. Kifuko hutoka chote, na patholojia humaliza ubishi.

Ya pili ni kukifungua kutoka ndani ya umio. Kifuko kilichojitokeza sana kuelekea ndani huondolewa paa kwa kisu cha umeme au kitanzi, ute ukamwagika tumboni, na tundu likaachwa pana ili lisifunge. Mgonjwa hapasuliwi kifua na huanza kumeza mapema. Gharama yake ni kwamba sehemu ya utando wa kifuko hubaki, hivyo chaweza kujaa tena, na mgonjwa hana budi kuangaliwa. Njia hii haifai kwa kifuko kilichokaa nje ya misuli, kwani kukifungua hapo ni kuutoboa umio.

Ya tatu ni changa kuliko zote. Mjapani Haruhiro Inoue alianza mwaka 2008 kutibu umio usiolegea kwa kuchimba njia chini ya utando na kukata misuli kutoka ndani. Wataalamu waliomfuata waliitumia njia hiyo kuchomoa vivimbe: utando hukatwa sentimita chache juu ya uvimbe, njia huchimbwa hadi kuufikia, uvimbe humenywa, kisha mlango hufungwa kwa vibanio. Utando ulio juu ya kidonda hubaki mzima. Kazi hii huhitaji usingizi kamili, hewa ya kaboni dioksidi badala ya hewa ya kawaida, mikono iliyozoea, na daktari wa upasuaji wa kifua jengo hilohilo, kwa sababu hewa au maambukizi yakipenya kifuani muda ni mfupi. Kifuko kikubwa au kilichoshikamana na makovu bado ni cha upasuaji.

Kwa hiyo uzuri wa endoskopi usiwe sababu ya kuifanyia kila mahali. Kukitambua kifuko kunaweza kusogezwa karibu na mgonjwa. Kukitoa kubaki mahali pachache ambapo wanaofanya wanafanya mara nyingi: Bugando, Muhimbili, KCMC na hospitali za kiwango hicho, kila moja kwa uwezo ilio nao.

Mara ifanye nini

Jambo la kwanza ni maswali manne ya kumeza kuingia katika mazungumzo ya kawaida ya zahanati na vituo vya afya, kuanzia Butiama vijijini hadi visiwa vya Bunda. Hilo halina gharama isipokuwa mafunzo.

La pili ni hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambayo wananchi waliisubiri kwa miongo kadhaa ikamilike. Jengo kubwa hupata maana yake kwa huduma inayotolewa ndani. Endoskopi ya kudumu inahitaji mambo yasiyovutia kupigwa picha: muuguzi aliyefundishwa kuosha na kutakasa mipira ili isihamishe homa ya ini kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, umeme usiokatika, fundi wa kutengeneza, formalini ya kuhifadhi vipande, na njia ya uhakika ya kuvifikisha kwa mtaalamu wa patholojia na kurudisha majibu. Kikikosekana kimojawapo, mashine hugeuka pambo.

La tatu ni makubaliano ya maandishi kati ya mkoa na kanda: kinundu chenye utando mzima hakikatwi Musoma. Hupimwa, hupigwa picha, hufanyiwa CT, na taarifa hutangulia kabla mgonjwa hajapanda basi, ili akifika Mwanza siku yake iwe imepangwa na ndugu yake asilale kwenye korido.

La nne ni malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Utekelezaji wake utapimwa na wagonjwa wa namna hii, ambao tiba yao ni ya mara moja lakini safari ya kuifikia ina vituo vingi, na kila kituo kina risiti.

Utaratibu huu hautajengwa kwa ajili ya watu 280. Utajengwa kwa ajili ya kila mkazi wa Mara ambaye chakula kinamkwama: mwenye saratani ambaye miezi miwili ya kuwahi ingembadilishia matibabu, mtoto aliyekunywa magadi au tindikali akabaki na kovu, mama mwenye mishipa ya kichocho inayoweza kufungwa kabla haijapasuka. Mwenye kifuko atapona pamoja nao. Na mkoa unaoweza kumtambua yeye, aliye mmoja kati ya 8,200, bila kumdhuru, ni mkoa ambao hao wengine wote wanaweza kuuamini.